Kambi Kando ya Maji

Katika Mkoa wa Pwani, si mbali na mto Ruvu, pana mahali paitwapo Vigwaza. Kila siku magari makubwa ya mizigo husimama hapo penye mizani ili yapimwe uzito kabla ya kuendelea na safari. Mengi hutoka bandari ya Dar es Salaam, nayo yaenda Tabora na Kigoma, au hata Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu ayaonaye huenda akadhani kuwa safari hizi ni jambo la siku hizi tu. Sivyo. Watu wa pwani na watu wa bara walichukua mizigo baina ya bahari na nchi ya maziwa zamani sana, kabla gari la kwanza halijaonekana, na mto Ruvu walikuwa wakiuvuka kwa mitumbwi.

Siku hizo njia kubwa ilianzia Bagamoyo. Ilivuka Ruvu, ambao wageni wengi waliuandika kwa jina la Kingani, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Tabora katika Unyamwezi, kisha ikashuka mpaka Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 1,200. Msafara uliokwenda vyema ulitumia miezi mitatu au zaidi, na uliopatwa na mvua, njaa au vita ulikawia sana. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa nguvu na kwa uaminifu wa kazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini. Kwenda bara walichukua nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Kurudi pwani walichukua pembe za ndovu. Tena si wote waliopita njia ile walikuwa watu huru. Wengi waliletwa pwani wakiwa watumwa, wamefungwa minyororo, na kwao kila kambi ilikuwa usiku mwingine wa huzuni mbali na kwao.

Basi fikiri jambo hili. Mtu asafiriye miezi mitatu hulala usiku kama tisini njiani, na kila usiku hutaka mambo manne: maji, kuni, chakula, na usalama. Hayo yote yalitegemea kambi. Kambi ikiwa njema, asubuhi watu waliamka na nguvu. Kambi ikiwa mbaya, mizigo iliachwa njiani, na pengine wenyewe walizikwa papo hapo.

Kambi ilichaguliwa kwa akili. Msafara uliondoka alfajiri, wakati wa baridi, ukaenda mpaka jua lilipokuwa kali. Mbele yao alitangulia kirangozi, aliyechukua bendera, na baragumu ya pembe ya mnyama ililia ili watu wasipotee. Walipofika penye maji, mizigo iliwekwa pamoja mahali pamoja ili ilindwe. Kisha kila kundi la watu waliokula chungu kimoja liligawana kazi. Huyu alikwenda kuteka maji, huyu alitafuta kuni, huyu alikata matawi na majani ya kibanda, na huyu alipanga mafiga na kuteleka chungu. Wengine walikata miiba wakazungushia kambi boma, kwa kuwa fisi, simba na wezi wote hupenda usiku. Kwa njia hiyo watu mia kadha wa kadha walipata mji wao kwa muda wa saa chache, na kesho yake waliuacha.

Wakati mwingine hawakujenga kabisa. Katika njia zilizopitwa mara kwa mara, msafara ulikuta boma na vibanda vilivyoachwa na msafara uliotangulia. Walitengeneza palipobomoka, wakaingia, wakalala. Hakuna aliyeuliza vibanda hivi ni vya nani, maana vilikuwa vya kila apitaye. Ilikuwa faida kubwa kwa watu waliochoka. Lakini aliyerithi kibanda alirithi na mambo mengine. Alikuta papasi na kunguni wakimngoja katika majani makavu. Akikuta maji yamechafuliwa, alikunywa hayo hayo. Na kama waliotangulia hawakuzima moto wao vizuri, alikuta majivu tu, kwa kuwa kibanda cha majani huungua kwa dakika chache.

Maji ndiyo yaliyokuwa bwana wa safari. Yalipokuwa mbali, wasafiri walifanya safari iitwayo terekeza. Walipika na kula kabla ya kuondoka, wakajaza vibuyu vyao, wakaanza kwenda mchana wakati wa jua. Usiku walilala mahali pakavu, na alfajiri walifuliza tena mpaka wafike maji mengine. Katika pori la Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyamwezi, safari za namna hii ziliogopwa sana. Mpagazi aliyemwaga maji yake njiani kwa uzembe hakujidhuru nafsi yake peke yake, bali na mwenziwe aliyelazimika kugawana naye kibuyu.

Penye maji mengi nako kulikuwa na hatari zake. Ruvu ni mto wenye mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, naye hufuata njia yake ya siku zote. Mtu akimzibia njia ya kurudi majini, humshambulia. Kwa hiyo wenye busara hawakulala ukingoni kabisa, bali mahali palipoinuka, mbali na njia za wanyama. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 kwenda kumtafuta Daktari Livingstone, msafara wake ulivuka mto huu, ukaenda kupiga kambi Kikoka, ng'ambo ya pili.

Wasafiri wa zamani waliogopa pia homa ya mabondeni. Walisema kuwa hutokana na ukungu na hewa mbaya ya mto. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari aliyekuwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na baadaye ikajulikana wazi kuwa mbu ndiye achukuaye ugonjwa huo. Hivyo wazee hawakukosea kulihama bonde, ila hawakujua sababu. Hawakukimbia ukungu, walikimbia mbu wazaliwao katika maji yaliyotuama.

Lakini adui mkubwa kuliko wote alikuja na watu wenyewe. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kikafika Pangani, kisha kikaingia Unguja na kuua watu wengi mno. Kutoka pwani kikapanda tena bara kwa njia za misafara, na mwaka 1870 habari zake zilimfikia Livingstone huko Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. James Christie, daktari aliyekaa Unguja siku zile, alifuatia habari za ugonjwa huo, naye katika kitabu alichokitoa mwaka 1876 alionyesha kuwa ulifuata njia za wafanya biashara. Kipindupindu hakina miguu. Huchukuliwa katika matumbo ya watu, nacho huingia majini pamoja na uchafu wao. Mgonjwa mmoja akijisaidia karibu na kisima cha kambi, msafara wake huondoka asubuhi na kisima hubaki. Jioni huja msafara mwingine wenye kiu, usiojua lolote, nao huinama kunywa.

Tena waliochafua maji hawakuokoka kwa kuondoka. Wahenga wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Njia ya kwenda Ujiji ndiyo iliyokuwa njia ya kurudi Bagamoyo. Msafara ulioharibu kambi wakati wa kwenda uliikuta kambi ile ile, mbovu vile vile, wakati wa kurudi.

Habari moja yaonyesha jinsi taratibu njema za kambi zilivyofaa. Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, hawakumwacha. Walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa jua muda wa siku kama kumi na nne, wakaufunga, wakauchukua kwenda pwani. Safari haijawa ndefu, wengi wao wakashikwa na ugonjwa, hata ikawapasa kukaa kambini muda mrefu. Hawakutawanyika, wazima waliwauguza wagonjwa mpaka safari ikaweza kuendelea. Walipofika Unyamwezi walishauriwa wauzike mwili huko, nao wakakataa. Na walipoona kuwa watu wa mbele watawazuia kwa kuogopa maiti, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, kama mzigo wowote wa mpagazi. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Hawakuwa na bwana wa kuwaamuru. Walikuwa na desturi za kambi tu: kugawana kazi, kulindana, na kungojana.

Huko mwisho wa njia, kwenye ziwa lenyewe, wasafiri walijifunza tena. Tanganyika ni ziwa lenye urefu upatao kilomita 670, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama chake. Asubuhi laweza kutulia kama kioo, na mchana likachafuka kama bahari. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kutazama upande wa kaskazini, nao waliona kuwa mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Wapiga kasia walifuata kando ya pwani, wakateremka nchi kavu kupiga kambi. Mtumbwi wa mpiga kambi ziwani huvutwa juu kabisa, maana upepo wa usiku huinua mawimbi, na asiyejihadhari huamka asione chombo chake.

Misafara ile ilikoma reli ilipojengwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mabega ikachukuliwa na mvuke. Lakini njia haikusahauliwa. Mjini Bagamoyo jengo la zamani la kupokelea misafara lipo hata leo, nalo watu hulizuru, na mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwekwa katika Urithi wa Dunia.

Siku hizi watu hupiga kambi kwa furaha, si kwa lazima. Wanafunzi na maskauti huchukua mahema yao wakaenda kulala kando ya mto au ziwa, katika viwanja vilivyowekwa kwa ajili ya watu wote. Walakini maji ni yale yale, na sheria zake hazikubadilika. Hema lisimamishwe mahali palipoinuka, mbali kidogo na ukingo, wala si juu ya njia ya kiboko. Choo kichimbwe upande wa chini, mbali na maji, kisha kifukiwe kabla ya kuondoka. Maji ya kunywa yachemshwe kwanza. Mtu asioge wala kuchezea maji yaliyotulia penye majani na konokono, maana humo hukaa wadudu wa kichocho. Usiku alale ndani ya chandarua. Asubuhi moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe, na takataka zote zikusanywe zichukuliwe.

Haya yana maana kubwa zaidi kando ya Ruvu kuliko mahali pengine pengi. Mto huu hutoka milima ya Uluguru, hupita nchi ya Pwani, hatimaye huingia baharini karibu na Bagamoyo. Lakini si maji yake yote yafikayo baharini. Mitambo ya Ruvu Juu, iliyoanza kazi mwaka 1959, na ya Ruvu Chini, ya mwaka 1976, huyachota, huyasafisha, na kuyapeleka kwa watu wa Dar es Salaam na vijiji vya njiani. Mtu atupaye uchafu mtoni hawaoni watakaokunywa, kama vile mpagazi wa zamani hakuwaona watu wa msafara uliomfuata. Hata hivyo wapo nyuma yake, na kiu wanayo.

Basi kambi njema hujulikana asubuhi, watu wakiisha kuondoka. Akija mgeni jioni akakuta maji safi, majivu baridi, na mahali pamefagiliwa, atalala salama, wala hatahitaji kujua majina ya waliomtangulia.