Saumu na ghala la nguvu mwilini

Apitaye mitaa ya Kariakoo alasiri ya Ramadhani huwaona wachukuzi wakisukuma mikokoteni juani ilhali wamefunga. Eneo hilo lenyewe lilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Je, mtu asiyekula wala kunywa kwa takriban saa 13 hupata wapi nguvu za kubeba gunia?

Asili ya nguvu hizo ni jua. Jani la muhogo au la mtende hunasa mwanga kwa umbijani wake, likatengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni. Muhogo huihifadhi kama wanga, tende kama utamu. Tunapokula, seli za mwili huivunja sukari hiyo hatua kwa hatua, na nguvu itokayo hufungwa katika kemikali iitwayo ATP, iliyogunduliwa mwaka 1929. ATP ni mithili ya chenji dukani: huingia na kutoka kutwa, wala hairundikwi.

Akiba hukaa kwingine. Baada ya mlo, insulini itokayo kwenye kongosho husaidia sukari kuingia katika seli, na ini huweka takriban gramu 100 za akiba iitwayo glaikojeni. Misuli nayo ina akiba yake, lakini huitumia yenyewe, haiirudishi katika damu. Ziada hugeuzwa mafuta, ambayo kila gramu ina kilokalori 9, zaidi ya maradufu ya wanga. Mchana wa saumu ini hufungua ghala lake kwa ajili ya ubongo, na kadiri saa zinavyosonga mwili huzidi kuchoma mafuta. Hakika ni mpango wenye hekima kubwa.

Hivyo basi, daku lisipuuzwe. Maharage, mtama na dona humeng'enywa polepole kuliko chai yenye sukari nyingi. Wakati wa futari, tende chache na maji hutosha kuanzia. Israfu mezani huishia kuwa mafuta mwilini.

Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari utaratibu huu una kasoro. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kuishiwa sukari katika damu, akatetemeka, akatokwa jasho jingi na hata kuzimia. Amwone daktari kabla ya Ramadhani, wala asibadili dawa kwa kukisia. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, afungue mara moja na ale kitu kitamu.

Familia zisimwonee haya mzee wao akifungua. Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha maskini. Kuihifadhi nafsi nako ni ibada.