Afya ya Mtoto na Mizizi ya Maharage

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uji wa mtoto, vyandarua, chanjo na maji ya kunywa. Mwezi huu chukua koleo twende shambani, kwa kuwa liko jambo la afya lililofukiwa huko chini, na wengi wetu hatujawahi kulitazama.

Akina mama huambiwa kliniki wawape watoto maharage, na ushauri huo ni mzuri. Maharage yana protini, yana madini ya chuma, tena yana zinki. Zinki ni madini ambayo mtoto huyahitaji kidogo tu kwa siku, lakini akiyakosa hudumaa, vidonda vyake huchelewa kupona, na kuhara humrudia mara kwa mara. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri kwamba mtoto anayeharisha, pamoja na kunyweshwa maji yenye dawa ya chumvichumvi, apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwili hauna ghala kubwa la kuwekea zinki, hivyo ni lazima iletwe na chakula mara kwa mara. Mwenye kula nyama na samaki hupata ya kutosha. Lakini nyumba nyingi hazina nyama ila sikukuu, na tegemeo lao ni mahindi na maharage.

Sasa tujiulize: hayo maharage yameipata wapi zinki? Hayakuiumba. Yameinyonya udongoni, na kama mmea haukuipata, kupika kwa ustadi hakutaiongeza.

Mzizi peke yake haufiki mbali

Watu wengi hufikiri kwamba chakula cha mmea huyeyuka katika maji ya mvua na kuufuata mzizi ulipo. Kwa naitrojeni ni karibu kweli. Kwa fosforasi na zinki sivyo. Madini haya mawili hushikwa na chembe za udongo, hasa udongo wetu mwekundu wa milimani, nayo hayatembei. Ni lazima mzizi uyafuate. Mzizi una vinyweleo vyembamba vya kunyonyea, lakini urefu wake ni kama milimita moja tu, pengine mbili. Vikishanyonya kilicho jirani, pembeni mwa mzizi hubaki ukanda mtupu, na mmea hushikwa na njaa huku chakula kiko hatua chache mbele yake.

Hapo ndipo kuvu za udongoni huingia kazini. Ziko kuvu zinazoingia ndani ya mzizi bila kuuumiza, kisha hutoa nyuzi nje, nyembamba kuliko unywele, zinazopenya kati ya chembe za udongo kwa sentimita kadhaa kupita mwisho wa vinyweleo. Nyuzi hizo huleta fosforasi na zinki, na mmea huzilipa kwa sukari na mafuta uliyotengeneza kwa nguvu ya jua. Ni biashara ya haki. Mtaalamu wa Ujerumani aliyeitwa Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huu jina mwaka 1885, akachukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi: mikoriza.

Maharage, mahindi, mtama, migomba na kahawa vyote hufanya biashara hiyo. Muhogo ndio unaoitegemea zaidi, kwa kuwa mizizi yake ya kunyonyea ni michache na minene. Muhogo unaostawi mahali ambapo mahindi yameshindwa huwa umebebwa na kuvu. Kabichi, sukuma wiki na mchicha havishirikiani nazo, au ni kidogo sana. Na waliopanda misonobari wanajua kisa kingine. Ilipoletwa Afrika mara ya kwanza, sehemu nyingi miche ilidumaa na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua, ambao ulikuwa na kuvu zake.

Najua neno kuvu linatisha, na kuna sababu. Mwaka 2004 huko Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hizo ni kuvu nyingine kabisa, zinazoshambulia punje shambani na ghalani. Tusiziweke zote katika kapu moja.

Mizizi inapooza

Hata udongoni wamo maadui. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Rwanda, kusini magharibi mwa Uganda na magharibi mwa Kenya vilipatwa na ugonjwa wa kuoza mizizi ya maharage, hata baadhi ya wakulima wakaacha kabisa kuyapanda. Mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi kuwa vipande vidogo, maharage yakarudishwa pale pale msimu hadi msimu, na rutuba ilikuwa imekwisha. Wasababishaji wakuu ni Fusarium, ambayo ni kuvu, na Pythium, ambayo wataalamu siku hizi huiweka katika ukoo mwingine ingawa huishi na kuua kama kuvu. Pythium hupenda udongo uliolowa na kushindiliwa. Baadaye zilipatikana mbegu zinazoustahimili ugonjwa huu. Kenya zilitolewa kwa majina kama KK 8 na KK 15, herufi hizo zikiikumbuka Kakamega.

Mmea wenye mizizi iliyooza haufi wakati wote, na hilo ndilo linalotudanganya. Hubaki umesimama, majani ya chini yakiwa ya njano, ukatoa maganda machache. Mwenye shamba husema mvua ilikuwa mbaya. Kumbe mmea ulikuwa unakunywa kwa mrija uliokatika.

Kwa hiyo, maharage yanapoanza kuchanua, chimbua mashina matatu au manne sehemu mbalimbali za shamba. Usiyang'oe kwa mkono, maana mizizi midogo itakatikia ardhini. Chimba pembeni kwa koleo, inua na bonge lake, loweka katika ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Mizizi yenye afya ni myeupe na ina matawi mengi. Ikiwa ya kahawia au nyekundu, na gamba lake linavuka ukilivuta, imeoza. Ukiona mzizi mkuu umepinda ghafla na kwenda ubavuni kama ulioukuta ukuta, chini ya kina cha jembe kuna tabaka gumu. Vifundo vidogo utakavyoviona ni vya bakteria wanaotengeneza naitrojeni. Pasua kimoja, na kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi. Kuvu rafiki za maharage hutaziona kwa macho, zinahitaji darubini.

Ukikuta kuoza, inulia udongo kwenye shina mapema. Mche wa maharage hutoa mizizi mipya juu ya ile iliyokufa, na udongo ulioinuliwa huipokea. Mahali panapotuama maji panda juu ya matuta, kwa sababu mizizi nayo hupumua, na ikizama siku kadhaa hukosa hewa. Msimu ujao usirudishe maharage hapo, weka mahindi au mtama. Samadi iliyoiva na mboji hulisha viumbe wa udongoni wanaowazuia waharibifu. Kuchoma mabaki ya mazao na kuacha ardhi wazi miezi mingi huzipunguza kuvu rafiki, na kulima kwa kina kila mara hukata nyuzi zao.

Juu ya mbolea ya dukani nitasema waziwazi: udongo wetu mwingi una upungufu wa fosforasi, na anayekataza mbolea hatutendei wema. Lakini kiasi kidogo ndani ya shimo kinatosha. Fosforasi ikizidi, mmea huacha kuzilisha kuvu, na pamoja nazo hupungua zinki inayofika kwenye punje. Tena fosforasi ya ziada huhifadhiwa katika punje kama faiteti, kitu kinachoishika zinki tumboni mwa mtoto isisharabiwe. Ama unga wa kuvu unaouzwa kwa pakiti, majaribio yake yametoa matokeo yanayotofautiana sana. Mimi ningetunza kwanza zile zilizomo shambani bure.

Jikoni nako faiteti hiyo hupunguzwa. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine ndipo ubandike. Yataiva upesi, na kuni zitasalia. Mtoto akila, mpe na kipande cha chungwa au embe ili madini ya chuma yasharabiwe vizuri, na chai isubiri saa moja au mbili baadaye.