Tuagane bila deni



Tunayo methali ambayo haikosekani tunapoagana: milima haikutani, binadamu hukutana. Nimeisema mara nyingi, kwenye stendi za mabasi na katika hafla za kuwaaga mapadri wanaohamishwa. Lakini kuna mzee mmoja wa Sale, wilayani Ngorongoro, aliyenikatiza nilipoanza kuitamka. Leo napenda tutafakari alichonifundisha.

Nilikuwa nimewasindikiza wageni wawili, mume na mke kutoka Austria, wote wamevuka miaka 75. Mama alifanya kazi ya uuguzi upande ule akiwa kijana. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa katika miaka ya 1960 na Mwaustria mwenzake, Padri Herbert Watschinger, aliyekuwa padri na daktari pia, mwanzilishi wa Hospitali ya Wasso. Mume wake alikuwa fundi wa magari na pampu. Walirudi kwao zamani, ila kila baada ya miaka michache walikuja kutusalimu. Safari hii daktari alikuwa amemwambia Baba wazi kwamba moyo wake hautastahimili safari nyingine ya mbali. Walikuja kuaga, na kwa Sale walikuwa na Ijumaa hadi Jumapili tu.

Tulitoka Arusha alfajiri, tukapita Mto wa Mbu na Engaruka, tukauzunguka Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, kisha tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale. Baba alishangaa kuona lami. Siku hizi kipande cha Sale hadi Wasso, kilomita 49, kinapitika kwa raha. Enzi zao, alisema, ukivunjikiwa springi pale ulilala pale pale.

Aliyekuwa anatungoja ni katekista mstaafu, mzee wa Kibatemi, kabila ambalo wengi hulijua kwa jina la Wasonjo. Kama ilivyo desturi yetu, wote tunamwita Mwalimu. Urafiki wake na Baba ulikuwa umevuka miaka 40. Walijenga pamoja kigango, na kifungua mimba wa Mwalimu alipokelewa duniani kwa mikono ya Mama.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Viti vilitolewa uani, chai ikaja, na asali ambayo Wabatemi wanasifika kwayo. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akaitikia vizuri. Lakini jambo moja lilinichoma. Zamani alimwita Baba “ndugu yangu”. Jioni ile yote alimwita “mgeni”. “Mgeni aongezwe chai.” “Mgeni amechoka, apumzike.”

Nilijua sababu, wala sikuisema.

Miaka kadhaa nyuma, marafiki wa Baba huko kwao walichanga fedha za kuezeka upya kigango kile. Paa likawekwa. Kisha Baba akamwandikia Mwalimu barua ya Kiingereza, akimwomba kwa upole risiti chache za kuwaonyesha waliochanga. Barua ilipitia kwangu niitafsiri. Siku hiyo nilikuwa na mazishi mawili na kikao. Niliiandika haraka haraka, kwa Kiswahili cha ofisini: unatakiwa kutoa maelezo kuhusu matumizi ya fedha. Ndugu msomaji, ukiwa mfanyakazi ukapokea sentensi kama hiyo unajua maana yake. Maana yake umeiba.

Mwalimu alituma risiti zote, hata ya misumari, bila salamu. Hakuandika tena. Baba alidhani uzee umemfika rafiki yake. Mimi nilikuja kugundua kosa langu mwaka uliofuata, nikajiambia nitalirekebisha nikipata nafasi. Nafasi nilizipata nyingi tu. Nilichokosa ni ujasiri.

Jumamosi Mwalimu alitutembeza kwenye mifereji. Wabatemi wamelima kwa umwagiliaji tangu enzi za mababu zao, na maji hugawanywa kwa zamu chini ya wazee wa kimila waitwao wenamiji. Kila mwenye shamba ana saa zake. Zamu yake ikiisha, anaziba mlango wa shamba lake ili maji yaende kwa mwingine. Baba alitembea taratibu, akishika mkono wa mkewe, akiuliza habari za mashamba. Alijibiwa kila alichouliza, na si zaidi.

Usiku ule Baba aliniita pembeni. “Padri, rafiki yangu nimemkosea nini? Keshokutwa napanda ndege. Sitarudi.”

Nikamwambia yote. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: “Miaka yote hiyo ulijua?” Sikuwa na la kujibu zaidi ya ndiyo.

Bwana wetu katika Mathayo 5:23-24 anatufundisha kwamba ukileta sadaka yako altareni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, uende kwanza mkapatane. Nimelihubiri somo hilo zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Asubuhi ile ya Jumapili nilikuwa nivae mavazi ya Misa nikiwa mimi ndiye mdaiwa. Kabla kengele ya kwanza haijalia nilikwenda na Baba hadi kwa Mwalimu. Nilipiga magoti uani, mbele ya mkewe na wajukuu, nikaeleza maneno ya barua yalivyokuwa hasa, na nilivyoyageuza.

Mwalimu hakunikimbilia kunikumbatia. Alisema, “Padri, mimi nililala na neno la wizi kichwani miaka yote hii. Mke wangu ni shahidi.” Kisha akamgeukia Baba, akamtazama, na machozi yakamtoka. “Inuka, Padri,” akasema hatimaye. “Ndugu yangu amesimama muda mrefu, mleteeni kiti.”

Ndugu yangu. Basi nikajua Misa inaweza kuanza.

Wapendwa, Maandiko yanaonyesha kwamba hata mitume waliaga wakiwa safarini, kwa haraka, meli ikiwangoja. Katika Matendo ya Mitume sura ya 20, Paulo yuko njiani kwenda Yerusalemu. Anatia nanga Mileto, anawaita wazee wa Kanisa la Efeso, watu alioishi nao miaka mitatu. Angalia anavyoaga. Kwanza anawaambia ukweli, kwamba hawatamwona tena. Hawapi moyo kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Pili anafunga hesabu: hakutamani fedha ya mtu, wala dhahabu, wala mavazi, na mikono yake ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake. Tunaweza kuona ni jambo la ajabu kutaja fedha wakati watu wanalia. Paulo alijua kwamba shaka ndogo ya fedha isiyosemwa inaweza kula urafiki wa miaka. Anawakabidhi kwa Mungu, na mwisho anapiga magoti pamoja nao, wanalia shingoni mwake na kumsindikiza hadi melini.

Sura inayofuata, huko Tiro, waamini wanatoka mjini na wake zao na watoto wao, wanamsindikiza Paulo hadi ufukweni, na hapo wote wanapiga magoti kusali. Hili sisi hatuhitaji kufundishwa. Mgeni wetu hatumwachi mlangoni, tunamtoa hadi njiani. Lakini tujiulize: miguu yetu inapomsindikiza, mioyo yetu iko naye?

Wako ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani na Uarabuni, ambao huja nyumbani wiki mbili za likizo. Siku zinaisha kwa harusi, vikao na picha. Jambo lenyewe, lile la kiwanja, la mirathi, la maneno yaliyosemwa msibani, linaachwa “hadi mwakani”. Nasi tunaobaki tunachekelea, tunasema milima haikutani. Wakati mwingine methali hiyo si tumaini. Ni njia ya kukwepa.

Baada ya Misa kigango kizima kilitoka na wageni hadi barabarani. Mama alikumbatiana na mke wa Mwalimu, hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Ili kupunguza huzuni nikaanza, “Jamani, milima haikutani...”

“Hapana, Padri,” Mwalimu akasema. “Tusidanganyane mbele ya Mungu. Sisi hatutaonana tena hapa.” Akamshika Baba mikono yote miwili. “Ndugu yangu, maji yana zamu. Yetu tumeyapata ya kutosha, shamba limelowa. Sasa tuzibe vizuri, yaende kwa watoto.”

Tukapiga magoti pale pembeni ya lami, wazee kwa vijana. Gari moja lililokuwa likielekea Wasso likasimama, dereva akavua kofia yake.

Baba alifariki dunia kwao miezi saba baadaye. Mama alinipigia simu, nami nikampigia Mwalimu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama alikufa na maumivu. Nikamwambia hapana, alikufa usingizini.

“Basi apumzike,” akasema. “Hatukuwa tunadaiana.”

Mimi, Padri wa miaka mingi, bado namshukuru Mungu kwamba siku tatu zilitosha. Zingeweza zisitoshe. Ndugu msomaji, huenda leo baada ya Misa una mtu wa kumpigia simu, au wa kumtembelea kabla hajasafiri, au kabla wewe hujasafiri. Usianze na methali. Anza na lile jambo.

Nawatakieni Jumapili njema.