Ng'ombe wa Busongora na Safari ya Kongo

Askari apewapo uhamisho kwenda Kasese hufunga sanduku lake, akapanda lori yeye na mkewe na watoto, na kabla juma halijaisha amekwisha kupata kitanda na jiko kambini. Nyumba huenda ikawa ya mabati matupu, yenye joto la kuokea mkate, lakini ni nyumba. Mfugaji ahamapo mambo ni mengine. Yeye hutangulia kuuliza majani yako wapi, maji yako umbali gani, na chumvi itapatikana kwa nani. Nyumba ni neno la mwisho. Watoto wadogo hubebwa, vibuyu vya maziwa hubebwa, na ndama wachanga hubebwa pia. Mwendo wa familia nzima huwa ni mwendo wa ng'ombe aliyechoka kuliko wote.

Nataka kuzungumza nanyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, juu ya watu waliohama kwa namna hiyo, wakavuka mpaka wa nchi, kisha wakarudishwa. Hao ni Basongora wa Wilaya ya Kasese. Wengi wetu huwakuta penye vizuizi vya barabara au katika doria, tukawahesabu kuwa ni watu wabishi wenye mifugo mingi, basi. Habari zao hazimo katika masomo ya chuo cha kadeti, nami naona zingefaa kuwamo. Mtu aliyetumwa kulinda amani mahali fulani hapana budi ajue ugomvi wa mahali hapo ulianzia wapi.

Barabara itokayo mjini Kasese kwenda Bwera hushuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha hukunja kulia kuelekea Mpondwe na mpaka wa Kongo. Upande mmoja iko milima ya Rwenzori, ambako Bakonzo wamelima miteremko tangu zamani na kufuga mbuzi. Upande wa pili ni uwanda mkavu wenye joto, ulioenea hadi Ziwa George na Ziwa Edward. Uwanda huo ndio Busongora. Hapo waliishi wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, na ziwa la chumvi la Katwe lilikuwa karibu yao. Kwa mfugaji, majani bila chumvi ni nusu ya malisho.

Utajiri huo haukukosa kuonwa na wengine. Majeshi ya Mfalme Kabalega wa Bunyoro yalikuwa yakiwanyang'anya Basongora ng'ombe, na mwaka 1891 Kapteni Lugard alipofika Katwe aliyafukuza, akajenga ngome aliyoiita Fort George. Katika miaka hiyo hiyo sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe kwa maelfu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakafuata malale, na wakoloni wakawahamisha watu kutoka kandokando ya maziwa ili kuwaepusha na mbung'o. Watu walipoondoka, vichaka na wanyama wa porini wakachukua nafasi yao. Mgeni aliyekuja baadaye aliona pori tupu, akadhani lilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Kisha sheria ikaja kuthibitisha yale yaliyoanzishwa na maradhi. Upande wa Kongo, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuanzisha Hifadhi ya Albert mwaka 1925, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga. Upande wa Uganda ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga mwaka 1952, na mwaka 1954, baada ya Malkia wa Uingereza kuzuru, ikapewa jina la Queen Elizabeth. Eneo lake ni karibu kilometa 2,000 za mraba. Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Hamukungu na Kahendero viliachwa mle ndani ya hifadhi. Mvuvi aliweza kubaki, kwa kuwa samaki hali majani. Ng'ombe hakuweza.

Hapo ndipo safari ya mbali ilipoanza. Tuchukue mfano wa familia yoyote miongoni mwao. Baba ana ng'ombe kumi na watano waliosalia. Huko Nyakatonzi malisho yamebanwa, kwani hifadhi iko upande huu na mashamba ya pamba upande ule. Anasikia kwamba ng'ambo ya mpaka nyasi ni ndefu na askari ni wachache. Anamwambia mkewe kuwa watakwenda kwa misimu miwili tu, mifugo iongezeke, kisha warudi wakiwa na ng'ombe hamsini na kumwoza kijana wao wa kwanza. Misimu miwili ikawa miaka. Watoto wakazaliwa Kongo, wakaoa Kongo, na ng'ombe kweli wakaongezeka. Lakini mahali walipokuwa wakichunga palikuwa ni hifadhi vilevile, ile ya Virunga. Walitoka katika nyumba ya jirani mmoja wakaingia katika nyumba ya jirani mwingine, wala hakuna aliyekuwa amewakaribisha.

Mwaka 2006 wakuu wa Kongo waliwafukuza. Familia hizo zilirudi Uganda na ng'ombe wao kwa maelfu, nazo, kwa kukosa mahali pengine, ziliingia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, juu ya ardhi ile ile ambayo babu zao waliiita nyumbani. Kwa sheria walikuwa wavamizi. Kwa fikira zao walikuwa wamefika. Nadhani hakuna jambo gumu kwa askari kuliko kumwondoa mtu mahali ambapo yeye anaonyesha kaburi la babu yake.

Mwaka 2007 Serikali iliamua kuwatafutia makazi nje ya hifadhi. Ardhi ya umma wilayani Kasese ilikatwa, na sehemu yake ilitoka katika mashamba ya Magereza na ya jeshi letu wenyewe, ikagawanywa baina ya wafugaji na wakulima. Hapo ugomvi mwingine ukachipuka, kwa sababu Bakonzo waliokuwa wakibanana milimani nao walihitaji ardhi ya tambarare, na wakauliza kwa nini wenye ng'ombe wapewe kubwa zaidi. Swali lao si la kijinga. Ekari moja ya mahindi humlisha mtu. Ekari moja ya uwanda ule mkavu haimtoshi ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima. Kila upande una hesabu yake, na hesabu zote mbili ni sahihi.

Kazi ya mwenye sare huingia hapo. Ng'ombe hawaruhusiwi kusafirishwa pasipo kibali cha daktari wa mifugo, na sababu yake ni ya kweli, maana ugonjwa wa miguu na midomo haujui mpaka wa nchi. Kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi hiyo miaka ya 2004 na 2005, na kimeta huua ng'ombe na watu pia. Tena mpaka wa Mpondwe si mahali pa kulala usingizi. Waasi wa ADF waliingilia hapo Novemba 1996, na Juni 2023 wakaua wanafunzi katika shule ya Lhubiriha. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwepo. Lakini namna ya kukagua ni jambo jingine. Mfugaji wa kale hapendi ng'ombe wake wahesabiwe hadharani kwa kidole. Ukimfokea, "Wewe, ng'ombe wangapi hawa?" atakudanganya, wala hataona haya. Ukimwambia, "Mzee, pole kwa safari. Nionyeshe kibali chako, tusikilizane," atakitoa, na pengine atakuambia pia nani aliyepita usiku akielekea mtoni. Habari kama hizo hazinunuliwi.

Simba nao wamo katika mgogoro huu. Aprili 2018 simba 11, yaani majike watatu na watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu. Mtu aliyepoteza mtamba wake wa pekee usiku mmoja huona simba kama mwizi, na mwizi asiyeshitakiwa mahakamani. Vijiji vinavyopakana na hifadhi hupewa asilimia 20 ya malipo ya kiingilio, lakini fedha hizo hujenga darasa au zahanati. Hazimrudishii mwenye mtamba mtamba wake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ndiyo iliyoweka utaratibu wa fidia. Askari anayefanya doria huko na aijue sheria hiyo, ili aweze kumweleza mwananchi pa kwenda kabla hajaenda dukani kununua dawa ya wadudu.

Vijana wa familia hizo hivi sasa wanabishana na wazee wao. Wapo walioingia polisi, na wapo walio jeshini, wakikaa nasi katika kambi moja na kuota ndoto ile ile tuotayo wengi tunapokaribia kustaafu: mkopo kutoka Wazalendo SACCO, kiwanja kidogo, na zizi. Kijana anataka ng'ombe watatu wa maziwa wa kizungu, wafungiwe, wakatiwe majani. Mzee anataka thelathini wenye pembe ndefu, kwa kuwa hao hutembea, na yeye amejifunza maishani mwake kwamba siku ya kufukuzwa huja. Kijana hujibu kwamba safari hii hawatafukuzwa, kwani hati ya ardhi iko. Mzee huuliza maji yatatoka wapi, maana ng'ombe wa maziwa hunywa madebe manne au matano kwa siku, na mto uko mbali. Nilipowasikia mara ya mwisho wakijadiliana hivyo walikuwa wamefikia kukubaliana juu ya tangi la maji ya mvua, wakawa wanabishania ukubwa wake.