Jenasi ya Sangara: Uainishaji na Ushahidi wa Visukuku

Sangara wa Ziwa Victoria ni wa jenasi ya Lates, ambayo zamani iliwekwa katika familia ya Centropomidae na sasa imo katika Latidae. Ziwa Tanganyika lina spishi nne za jenasi hii zisizopatikana kwingineko. Mojawapo ni mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke. Mwaka 1914 G. A. Boulenger alimtengea jenasi ya Luciolates. Mapitio ya P. H. Greenwood ya mwaka 1976 yalimrejesha katika Lates. Umbo lake jembamba, kwa hiyo, halikutosha kumtenga na nduguze.

Visukuku navyo vyataka uangalifu. Mifupa ya Fayum, Misri, yathibitisha kuwa jenasi hii ilikuwapo Afrika tangu Oligosini. Mingine, ya Miosini, imepatikana Rusinga, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, mashapo ya Rusinga ni ya kale kuliko ziwa lenyewe kwa mamilioni ya miaka, na sangara wa leo alipandikizwa humo katika miaka ya 1950. Kisukuku chathibitisha ukale wa ukoo katika eneo. Hakimfanyi samaki aliyeletwa kuwa mwenyeji.