Kahawa, Sukari na Theluji Jukwaani

Ifikapo katikati ya Desemba, Wachagga huanza kurudi nyumbani, au kama utani unavyosema, kwenda kuhesabiwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, treni iliyorejeshwa Desemba 2019 nayo hujaa, na huko juu Marangu, Machame na Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu huanza kuulizana bei ya mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima. Msimu huohuo jijini Nairobi, safari ya karibu kutwa nzima kwa basi kupitia Namanga, vijana wa Dance Centre Kenya hupanda jukwaa la Kenya National Theatre kucheza The Nutcracker, ngano ya mdoli wa mbao wa kubanjia njugu. Moshi, mji ulio chini ya mlima huo, haina kampuni ya baleti. Anayetaka kuiona ana kwa ana huvuka mpaka.

Ngano yenyewe imetoka mbali. Mjerumani E.T.A. Hoffmann aliiandika mwaka 1816, Mfaransa Alexandre Dumas akaisimulia upya kwa upole zaidi, kisha Tchaikovsky akaitungia muziki uliosikika jukwaani kwa mara ya kwanza St. Petersburg, Desemba 1892. Hata hivyo mtu wa Moshi hakai kitini muda mrefu kabla hajaanza kuona vitu vya kwao.

Kwanza ni mkesha wa Krismasi. Ukoo umekusanyika, wazee wamekaa, watoto wanakimbizana, na mgeni mmoja wa ajabu ameingia na zawadi ambazo hakuna aliyezitarajia. Binti wa nyumba, Clara, anapewa mdoli. Kaka yake anauvunja. Usiku panya wanavamia sebule, mdoli anasimama kama askari kupambana na Mfalme wa Panya, na Clara anaamua vita kwa kurusha kiatu. Toa mti wa Krismasi, weka mgomba na kata ya pombe ya mbege, na sehemu ya kwanza ya onyesho inaweza kuchezwa kwenye shamba lolote la kihamba huko Kibosho.

Kisha theluji. Wachezaji wenye maleba meupe wanazunguka, vipande vyeupe vinadondoka kutoka juu, na watoto wa Nairobi wanashangilia kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona. Mtoto wa Moshi hukiona kwa mbali kila asubuhi kilele cha Kibo kinapojifunua, ingawa kinazidi kuwa haba: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa mlimani mwaka 1912 imekwishayeyuka.

Sehemu ya pili ndiyo ya kuchekesha. Clara anafika nchi ya peremende, na vyakula vinakuja mbele yake vikicheza: chokoleti, kahawa, chai. Mtawala wa nchi hiyo ni kimalaika wa sukari, anayecheza kwa mlio wa selesta, kinanda chenye sauti ya vikengele ambacho Tchaikovsky alikikuta Paris mwaka 1891. Sukari ya Moshi hutoka kiwanda cha TPC, Arusha Chini. Kahawa ndiyo iliyoujenga mji; ushirika wa KNCU ulianzishwa mwaka 1933 kwa ajili yake. Lakini ngoma ya kahawa jukwaani ni ya polepole, ya kusinzia, eti ya Kiarabu, ilhali muziki wake umetokana na wimbo wa Georgia wa kubembeleza mtoto. Aliyewahi kuchuma kahawa atajiuliza usingizi huo umetoka wapi.

Kinacholibeba onyesho la Nairobi ni wachezaji wake. Mwaka 2016 Joel Kioko, kijana wa miaka 16 aliyekulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda, alirudi kutoka mafunzoni Marekani kucheza ngoma ya peke yake katika The Nutcracker. Darasa lake la kwanza lilikuwa chumba cha shule ya umma, bila kioo wala upau wa kushikilia, madawati yakiwa yametolewa nje. Baadaye alikwenda English National Ballet School, London. Unapojua hilo, kila mruko unautazama kwa jicho jingine.

Na mlima wenyewe una ngano inayosubiri jukwaa. Wamisionari wa Kijerumani waliikusanya mapema karne ya 20, na Alice Werner akaisimulia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1933. Kijana Murile anafukua gimbi linalofanana na mtoto mchanga, linakuwa mtoto kweli, Murile anamlisha kwa siri, mama yake Murile anamgundua mtoto huyo na kumuua. Kwa uchungu kijana anakaa kwenye kigoda cha baba yake na kukiamuru kipae. Kinapaa hadi kwa mfalme wa mwezini, ambako watu wanakula vyakula vibichi kwa sababu hawajui moto. Anawafundisha kuupekecha, wanamlipa ng'ombe.

Ngoma zimo tele humo: wakata kuni, wakata majani na wachungaji anaokutana nao njiani, ndege anaowatuma nyumbani kupeleka habari. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kimekuwa kikifundisha wachezaji na waigizaji tangu 1981, na kigoda cha kupaa ni kazi ya kamba na kapi tu. Kigumu ni mwisho. Murile anarudi akiwa amebebwa na fahali, baada ya kumwahidi fahali huyo kwamba hatakula nyama yake. Fahali anachinjwa, mama anamtilia mwanawe mafuta ya fahali huyo chakulani, na ardhi inammeza kijana. Mwandaaji anayewaza tiketi za familia atatamani kuulainisha mwisho huo, kama Dumas alivyomlainisha Hoffmann. Afadhali auache ulivyo.