Nyumba Zilizozaa Biblia ya Kisukuma

Ibada za Jumapili katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, mara nyingi huwa za lugha mbili bila mtu yeyote kulitangaza jambo hilo. Somo husomwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo Biblia iliyo mikononi mwa wengi. Mhubiri akifika penye uzito anahamia Kisukuma, tena Kisukuma cha huku Ntuzu, na hapo wazee waliokuwa wamejiegemeza wanaketi wima. Wazee hao ndio wenye Biblia nyingine majumbani, nene, iliyochakaa kingo, ya Kisukuma kitupu. Ilitoka mwaka 1960. Waulize vijana wa kwaya ni nani aliyeitafsiri, utajibiwa kwa neno moja: wazungu.

Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Linawaacha nje wake za wazungu hao, watoto wao, na zaidi ya wote Wasukuma waliokaa nao meza moja wakabishana juu ya kila mstari. Kutafsiri kitabu chenye ukubwa ule si kazi ya mtu mmoja na kalamu yake. Ni kazi ya nyumba nzima, na nyumba hizo zilikuwa na wagonjwa, madeni na watoto waliohitaji shule.

Mwanzo wake hauko mbali na Ngulyati. Uko Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega, ndani ya mkoa huu huu wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Waanglikana wa CMS walikuwa na kituo pale tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hao walikuwa watu wa Ziwa, na macho yao yalielekea Uganda. Mwenzao mashuhuri, Alexander Mackay, alifia Usambiro, upande wa kusini wa Ziwa, Februari 1890, akiwa kapera, mashine yake ya uchapaji ikiwa karibu naye na tafsiri ya Kiganda ikiwa mezani. Kisukuma kilipata kijitabu chake cha kwanza cha Maandiko mwaka 1895. Kisha kazi ikalala.

Mwaka 1909 CMS waliikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission (AIM), Wamarekani kwa sehemu kubwa, ambao leo tunawafahamu kupitia kanisa walilolizaa, AICT. Aliyekwenda kuipokea ni Emil Sywulka, pamoja na mkewe. Hapo ndipo habari inapobadilika sura. Kapera anaweza kulala hemani akafa kwa homa bila kuacha yatima. Mwenye mke anajenga nyumba, anachimba kisima, anapanda mipapai, anatafuta maziwa ya mtoto, na kwa sababu ya mambo hayo hayo madogo analazimika kuongea na majirani kutwa. Kama kuna siri katika kujifunza lugha ya watu, ni hiyo ya kuwahitaji.

Na walihitaji kweli. AIM, iliyoanzishwa mwaka 1895 na Peter Cameron Scott, ilikuwa na kanuni ya kutolipa mishahara ya uhakika wala kupita ikiomba fedha hadharani. Familia iliishi kwa kilicholetwa na barua za marafiki kutoka Marekani, na barua ziliposafiri polepole, unga nao uliisha. Scott mwenyewe alikufa Ukambani mwaka uliofuata, Desemba 1896, hajatimiza hata miaka miwili kazini. Waliokuja baada yake waliyajua hayo, na bado walikuja na wake zao.

Mwaka 1913 kituo kingine kilifunguliwa Kola Ndoto, karibu na Shinyanga, na huko jina la William Maynard linaandamana na la mkewe, Nina, aliyekuwa daktari. Hospitali ya Kola Ndoto bado ipo. Nalitaja jina la Nina Maynard kwa makusudi, maana yeye ni miongoni mwa wachache waliobahatika kuandikwa kwa kazi yao. Wake wengi wa kimisionari waliingia katika taarifa wakiitwa tu bibi wa fulani, ilhali ndio waliofundisha wanawake kusoma, waliofunga vidonda barazani asubuhi, waliopiga taipu na kusahihisha karatasi usiku baada ya watoto kulala. Historia ya tafsiri ikiandikwa upya siku moja, ningependa ianzie barazani hapo.

Agano Jipya la Kisukuma lilikamilika na kuchapwa mwaka 1925. Biblia nzima ikaja 1960. Hesabu mwenyewe: tangu kijitabu cha 1895 ni miaka 65. Katikati yake zilipita vita kuu mbili, na Wajerumani wakaondoka Waingereza wakaingia. Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja kupata uhuru Biblia hiyo ilipofika vijijini.

Kwa nini ichukue muda mrefu hivyo? Anza na sauti. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano. Kina toni, kiasi kwamba neno lililoandikwa vile vile laweza kubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Mgeni aliyezoea Kiingereza hasikii hayo hata ukimrudia mara kumi. Anayeyasikia ni mtoto wake. Watoto wa wamisionari walikua wakicheza na wachunga ndama, wakajifunza kuamkia wakubwa kwa mwangaluka, wakapewa majina ya hapa, na walijua Kisukuma kabla hawajajua kwamba wanajifunza. Nani asiyeijua hali hiyo hapa nchini, mtoto akimsahihisha mzazi wake mgeni mbele ya watu na kila mtu akacheka?

Kisha kuna Maandiko yenyewe. Watu hudhani ugumu uko katika vitu ambavyo Usukuma haina, theluji kwa mfano, au shamba la mizabibu. Hivyo ni vidogo, unaeleza tu ukaendelea. Tena sehemu kubwa ya Agano la Kale inasomeka Ntuzu kama habari za ukoo wa jirani. Yakobo anatumika miaka saba apewe Raheli, asubuhi anajikuta na Lea, anaambiwa atumike saba mingine: mzee wa Kisukuma aliyehesabu ng'ombe wa mahari mbele ya wakwe zake hahitaji tanbihi hapo, na pengine ana hoja za kumwongezea Labani. Ugomvi wa wachungaji kisimani, ndoto za njaa inayokuja, ghala za nafaka, ndugu kuuzana. Yote yana mahali pa kukaa. Panapotoa jasho ni kwa Mtume Paulo. Sentensi zake ni ndefu, zimejaa mambo yasiyoshikika kwa mkono, na kila jambo linalohusu roho, dhambi au kafara lina lugha yake tayari katika ibada za mizimu. Ukiichukua lugha hiyo unaingia na yote yaliyomo. Ukiikwepa unatunga maneno ambayo hakuna bibi atakayeyaelewa. Mgeni hawezi kuamua hilo peke yake. Lazima awepo mwenye lugha, anayethubutu kumwambia mzungu kwamba hapa umekosea.

Hao wenye lugha ni akina nani? Nassa na Kola Ndoto walikuwapo walimu na wainjilisti wa Kisukuma miaka yote hiyo, lakini katika historia zinazosomwa na wengi majina yao hayasikiki. Kwingineko tuna bahati kidogo. Mombasa, mmisionari Ludwig Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, Juni 1844, aliandika wazi kwamba alisaidiwa na kadhi, Ali bin Mueddin wa Barawa, yaani Mwislamu msomi akimsaidia Mkristo. Buganda, Biblia ya Kiganda iliyokamilika 1896 hutajwa kwa jina la George Pilkington, lakini Henry Wright Duta naye anajulikana. Usukuma yenye watu wengi kuliko kabila lolote nchini haijawatendea haki watu wake wa meza ile. Familia zao zipo. Majina yapo katika daftari za ubatizo na katika vichwa vya wajukuu. Ni kazi ya mwaka mmoja ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mwenye pikipiki.

Nimemtaja Krapf, basi nisimalize bila kumtaja mkewe, Rosina. Tafsiri ya Mwanzo ilikuwa na umri wa mwezi mmoja hivi Rosina alipojifungua mtoto wa kike Mombasa, akiwa na homa. Julai hiyo hiyo mama alikufa, na siku chache baadaye mtoto. Kaburi lipo hadi leo upande wa Nyali. Krapf aliendelea kutafsiri. Wasifu nyingi za kimisionari huliweka tukio hilo kama pambo la ushujaa wake. Mimi naona ni habari ya Rosina, aliyevuka bahari akiwa mke na kuzikwa akiwa na miezi michache tu pwani hii, na hakuna mstari wa tafsiri unaobeba jina lake.

Kwa waliopona homa, msiba wa kila nyumba ulikuwa shule. Mtoto akifika umri wa kusoma alipelekwa Kijabe, Kenya, katika Rift Valley Academy, iliyofunguliwa 1906 na ambayo Theodore Roosevelt aliiwekea jiwe la msingi wa jengo lake kuu Agosti 1909, mwaka ule ule Nassa ilipobadilisha mikono. Kutoka Usukuma njia ya kawaida ilikuwa meli hadi Kisumu, kisha gari moshi kupanda hadi Kijabe. Muhula ulikuwa wa miezi. Mtoto wa miaka saba au minane alikwenda akiongea Kisukuma cha wachunga ndama, akafundishwa kwa Kiingereza, akakaa bwenini kwenye baridi ya milimani. Wapo waliokua wakashukuru, wapo waliokua na kinyongo. Wazazi waliokuwa wakitafsiri juu ya Baba asiyewaacha wanawe walikuwa wakiwaacha wa kwao kwenye gati la Mwanza. Nadhani walilijua hilo vizuri kuliko yeyote anayewacheka leo.

Lakini lugha ya utotoni haikupotea bure. Mwaka 1934, huko Arkansas, Marekani, William Cameron Townsend alifungua kambi ndogo ya kiangazi kufundisha vijana namna ya kuzichambua lugha zisizoandikwa. Wanafunzi walikuwa wawili tu. Mmoja aliitwa Edward Sywulka, mtoto wa wamisionari wa Tanganyika. Alikwenda Guatemala akatumia maisha yake katika lugha ya Kimam, moja ya lugha za Wamaya. Kambi ile ilikua ikawa SIL na Wycliffe, mashirika yanayojulikana leo kila panapotafsiriwa Biblia, nchi hii ikiwemo. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa wa elimu hiyo, basi, alikuwa mtoto wa nyumba ya kimisionari iliyoishi kati ya watu wenye lugha ambayo masikio ya wageni watu wazima hayakuisikia.

Ukitoka Ngulyati ukafuata njia ya Lamadi na kuendelea kaskazini, unafika Musoma, na hapo kazi hiyo inaendelea kwa mtindo tofauti. Tangu 2006 SIL na makanisa wameendesha pamoja mradi wa lugha kadhaa za mkoa wa Mara, Kizanaki, Kiikizu na Kisimbiti zikiwemo. Badala ya familia moja ya kigeni kukaa kijiji kimoja miaka 30, watafsiri ni Watanzania wenye lugha zao. Wageni ni washauri: wa isimu, wa tahajia, wa Kiebrania na Kiyunani. Rasimu inaandikwa kwenye kompyuta, inapelekwa kijijini ikasomwe kwa watu wa kawaida, inarudishwa kwa Kiswahili ili mshauri asiyeijua lugha aone kilichosemwa, inasahihishwa, inarudi tena kijijini. Mambo ya nyumbani hayakuondoka. Mtafsiri ameacha shamba na ng'ombe, mkewe ndiye anayepalilia, na watoto wanasoma mjini ambako Kizanaki hakizungumzwi uani. Familia ya kigeni nayo inafundisha watoto wake nyumbani kwa intaneti au bado inatazama Kijabe.

Ngulyati hali ni nyingine. Kisukuma hakina haja ya kuokolewa. Kinasemwa sokoni, kwenye mizani ya pamba na kwenye ngoma za Wagika na Wagalu. Kinachopungua ni kukisoma. Shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili, na kijana aliyehitimu akipewa Biblia ya 1960 anaisoma kwa kukwama, alama za irabu zikimchanganya, maneno mengine yakiwa ya upande wa Nassa au Shinyanga ambayo hapa Ntuzu husemwa vingine. Mzee wa kanisa akisoma kwa sauti huyabadilisha palepale, bila kusita, na wala hahesabu kwamba ametafsiri. Wasikilizaji nao hawahesabu. Vijana wa kwaya wanamsubiri amalize, kisha wanaanza wimbo waliojitungia wenyewe, kwa Kisukuma, wakiusoma kwenye daftari lililoandikwa kwa irabu tano za Kiswahili.